Mpigo, Hatua au Mwendo? Uhakiki wa Istilahi za Injini katika Kanuni za Mbio za Pikipiki

Katika makala haya tumekusudia kuhakiki maneno yanayotumiwa kutafsiri dhana moja ya kiufundi, yaani safari ya pistoni ndani ya silinda kutoka kikomo cha juu hadi kikomo cha chini, au kutoka chini hadi juu. Maneno yenyewe ni kiharusi, mpigo, hatua na stroki. Tumeyachagua kwa sababu ndiyo yanayotenganisha aina mbili kuu za injini za pikipiki, na kwa sababu kosa katika jina hili halibaki kwenye karatasi. Huingia katika kanuni za mashindano, likahamia katika kitini cha mwalimu wa ufundi, na mwishowe likafika katika tangi la petroli la mwananchi.

Matini tutakayoyaegemea ni kanuni za mbio za motokrosi. Mifano ya matumizi ya maneno tumeitafuta Tabora na kando ya njia ya zamani ya misafara, kwa sababu mbili. Kwanza, katika nchi ile pikipiki ndiyo mpagazi wa leo: hubeba tumbaku ya Urambo, asali ya Sikonge, mgonjwa wa kijijini na mwalimu wa shule. Pili, njia ile iliwahi kuwa shule kubwa ya majina ya vipimo, na mtunga istilahi ana mengi ya kujifunza kwayo.

Injini na kazi zake nne

Kabla ya kuhukumu maneno hapana budi tuieleze dhana. Kila injini ya petroli ya pikipiki hufanya kazi nne: huvuta mchanganyiko wa hewa na petroli, huugandamiza, huuwasha ili upate nguvu, kisha hutoa moshi. Kazi hizi nne hazipungui katika injini yoyote. Kinachotofautiana ni idadi ya safari za pistoni zinazotumika kuzikamilisha.

Katika aina ya kwanza, kila kazi ina safari yake. Pistoni hushuka ikivuta, hupanda ikigandamiza, hushuka ikisukumwa na mwako, hupanda tena ikitoa moshi. Valvu hufunguka na kufungwa kwa zamu. Kwa safari hizo nne krenki huzunguka mara mbili, na plagi huwasha mara moja tu.

Katika aina ya pili, kazi zote nne hukamilika kwa safari mbili. Pistoni inapopanda hugandamiza mchanganyiko ulio juu yake, na wakati uohuo huvuta mchanganyiko mpya katika kasha la krenki lililo chini yake. Inaposhuka kwa nguvu ya mwako hufunua matundu yaliyo ubavuni mwa silinda. Moshi hutoka, na mchanganyiko uliokuwa chini hupanda kuchukua nafasi yake. Krenki huzunguka mara moja, na plagi huwasha kila mzunguko. Kwa kuwa petroli na hewa hupita katika kasha la krenki, haiwezekani kuiweka oili humo ikae, kama inavyowekwa katika injini ya aina ya kwanza. Oili lazima iingie pamoja na petroli, ama kwa kuchanganywa kwa mkono ama kwa kupelekwa na pampu ndogo, nayo huungua humo. Ndiyo asili ya ule moshi wa buluu unaojulikana.

Kanuni inayotafsiriwa

Motokrosi ni mbio za pikipiki katika njia ya udongo yenye vilima, kona na miruko. Katika Afrika Mashariki mchezo huu hufanyika katika viwanja kama Jamhuri, Nairobi, na Garuga, karibu na Entebbe. Ubingwa wa dunia wa daraja la 500 ulianzishwa mwaka 1957 chini ya Shirikisho la Kimataifa la Pikipiki, yaani FIM. Mwaka 1964 na 1965 ubingwa huo ulichukuliwa na Jeff Smith wa Uingereza akiendesha BSA yenye injini ya aina ya kwanza. Mwaka 1966 Paul Friedrichs wa Ujerumani Mashariki aliuchukua kwa pikipiki ya CZ yenye injini ya aina ya pili, iliyo nyepesi na yenye vipuri vichache. Kwa takriban miaka thelathini iliyofuata injini ya aina ya pili ilitawala mchezo huu.

Mambo yaligeuka mwishoni mwa miaka ya 1990. Mwaka 1997, katika mbio za Las Vegas, Doug Henry wa Marekani alishinda kwa Yamaha yenye injini ya aina ya kwanza, na mwaka 1998 akawa bingwa wa motokrosi nchini mwake katika daraja la 250 kwa Yamaha YZ400F. Msomaji ataona mara moja jambo la kustaajabisha: pikipiki ya 400 katika daraja la 250. Jambo hilo halikuwa udanganyifu. Kanuni ziliiruhusu injini inayowasha mara moja kwa mizunguko miwili iwe na silinda kubwa kuliko ile inayowasha kila mzunguko. Tangu mwaka 2004 madaraja ya ubingwa wa dunia yalipangwa kwa msingi huohuo. Katika daraja la MX1, ambalo mwaka 2014 lilibadilishwa jina kuwa MXGP, injini ya safari mbili iliwekewa kikomo cha sentimita za ujazo 250, na ile ya safari nne 450. Katika daraja la MX2 vikomo vilikuwa 125 na 250.

Uwiano huo umebishaniwa kwa miaka mingi, na ubishi wenyewe una msingi. Katika daraja la MX2 injini ya safari nne inapewa ujazo mara 2 kamili ya mwenzake. Katika daraja la juu inapewa mara 1.8 tu. Kama hoja ni idadi ya miwako, kwa nini uwiano usiwe mmoja? Aidha, katika mbio za ngazi ya juu injini ya safari nne iliwafukuza wapinzani wake, jambo lililowafanya wengi waseme kwamba kanuni iliyokusudia usawa ilizaa upendeleo. Hatukusudii kuamua kesi hiyo. Tunachosema ni kwamba Mswahili hawezi kushiriki katika ubishi huo, wala kukata rufaa mbele ya waamuzi, ikiwa lugha aliyoletewa imemficha kiini cha kanuni.

Tuchukue sentensi moja ya mfano. Tumeitunga wenyewe kwa kukusanya pamoja makosa ambayo mhariri wa tafsiri za kiufundi hukutana nayo mara kwa mara, hasa katika matini yaliyopitishwa kwenye mashine za kutafsiri: “Pikipiki za viharusi viwili zenye uwezo wa 250 zitashindana na pikipiki za viharusi vinne zenye uwezo wa 450.” Sarufi yake haina dosari. Hata hivyo, msomaji asiyejua injini atapata picha ya wagonjwa wawili wanaoshindanishwa bila haki.

Kiharusi

Kiharusi ni maradhi ya kupooza. Mfasiri alifika hapo kwa sababu neno la Kiingereza linalohusika lina maana nyingi, na maana ya maradhi ndiyo iliyoenea zaidi katika magazeti na mabango ya afya. Mashine ya kutafsiri nayo hufuata wingi wa matumizi, haifuati akili ya jambo. Kuna wengine waliofika kwenye viboko viwili na viboko vinne, kana kwamba injini imefanya kosa shuleni. Makosa ya namna hii huchekesha, na kwa hiyo hayana hatari kubwa, kwa kuwa msomaji huyatambua na kuyatupa. Hatari iko katika maneno yanayofanana na ukweli.

Mpigo

Mpigo ndilo neno lenye nguvu zaidi miongoni mwa wapinzani. Limezoeleka, ni la Kibantu, lina ngeli na wingi usio na matata, na linaungwa mkono na mapigo ya moyo na mipigo ya ngoma. Walimu wengi hulitumia: injini ya mipigo miwili, injini ya mipigo minne. Hatuwezi kulipuuza.

Walakini neno hili linadanganya sikio. Mpigo, katika Kiswahili cha kila mtu, ni tukio linalosikika au kuhisika: kitu kimegonga kitu. Katika injini tukio linalosikika ni mwako. Mwanafunzi akiambiwa kwamba injini ina mipigo minne, atadhani inawaka mara nne pale ambapo ile ya mipigo miwili inawaka mara mbili. Ukweli ni kinyume chake. Tuseme injini mbili zenye silinda moja moja zinazunguka mara 6,000 kwa dakika. Ile inayoitwa ya mipigo miwili itawaka mara 6,000. Ile ya mipigo minne itawaka mara 3,000. Yenye jina kubwa ndiyo yenye mipigo michache.

Kosa hili ndilo linaloiharibu kanuni ya mashindano. Msomaji aliyeshika dhana ya mpigo ataona kwamba injini ya mipigo minne tayari imependelewa na maumbile, kisha kanuni inaiongezea silinda kubwa. Kanuni itaonekana haina akili. Kumbe sababu yake pekee ni kwamba injini hiyo huwaka mara chache, na jina lililochaguliwa linasema kinyume.

Hatua

Wako wanaopendekeza hatua, wakisema injini ya hatua mbili na ya hatua nne. Neno hili ni zuri, na katika fizikia na utawala limefanya kazi nyingi. Lakini ubora wake ndio unaolizuia hapa. Hatua ni sehemu ya shughuli inayokwenda kwa mpango: hatua ya kwanza, hatua ya pili. Katika injini tunalihitaji kwa zile kazi nne tulizozitaja, yaani hatua ya kuvuta, ya kugandamiza, ya kuwaka na ya kutoa. Hatua hizo ni nne katika injini zote mbili. Tukisema injini ya hatua mbili tutakuwa tumefuta nusu ya kazi zake, na mwanafunzi atauliza kwa haki: je, injini hiyo haivuti, au haitoi moshi?

Stroki na majina ya mitaani

Katika karakana nyingi fundi haulizi wataalamu wa istilahi. Husema tustroki na fostroki, nao wateja wake humwelewa. Neno la mkopo lina faida moja kubwa, nayo ni kwamba halidanganyi, kwa kuwa halisemi lolote. Lakini kwa sababu hiyohiyo halifundishi. Anayelijua tayari atalielewa; asiyelijua atabaki nje.

Majina mengine ya mitaani hueleza kinachoonekana: pikipiki ya moshi, pikipiki ya kuchanganya oili. Haya yana ufasaha wake, na hatupendi kuyadharau, kwani ndivyo wananchi walivyoipokea reli. Reli ya Kati ilipofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, chombo kilichopita juu yake kiliitwa gari la moshi, na jina likabaki hata baada ya injini za makaa kuondoka. Mwaka 2024, treni ya umeme ilipoanza safari kati ya Dar es Salaam na Dodoma, bado wapo walioiita garimoshi. Mazungumzo ya kila siku huvumilia jina lililopitwa na kitu chake. Kanuni haivumilii. Yamaha DT125, kwa mfano, ni ya safari mbili, lakini ina pampu yake ya oili na mwenyewe hachanganyi kitu kwa mkono. Kanuni ikisema “pikipiki za kuchanganya oili”, mwenye DT125 atadai kwamba haimhusu, na hoja yake itakuwa na nguvu.

Uwezo na ujazo

Katika sentensi yetu ya mfano limo kosa la pili, baya kuliko la kwanza. Namba 250 na 450 zimeitwa uwezo. Katika Kiswahili uwezo ni nguvu au kimo cha kutenda. Kumbe namba hizo hazipimi nguvu hata kidogo. Zinapima nafasi inayofagiwa na pistoni, yaani ujazo. Kanuni inatofautisha ujazo makusudi ili ikaribishe nguvu. Ukiandika uwezo umeandika kwamba mwenye nguvu 250 na ashindane na mwenye nguvu 450, na kwamba shirikisho la dunia limeona hilo ni sawa.

Mazungumzo ya kila siku nayo yamechangia. Tunasikia “pikipiki ya sisi mia na ishirini na tano”, na msikilizaji huelewa kwamba sisi ni kipimo cha nguvu. Ofisa anayejaza kadi ya usajili, au anayetafsiri kanuni ya ushuru, anapaswa kuzitenga dhana hizi mbili bila huruma: ujazo wa silinda kwa sentimita za ujazo, na nguvu ya injini kwa kilowati.

Yale tunayoweza kujifunza katika njia ya misafara

Njia iliyotoka Bagamoyo, ikapita Ugogo hadi Unyanyembe, na kutoka hapo kwenda Ujiji, ilikuwa njia ya biashara na ya lugha pia. Burton na Speke walipofika Kaze, katika eneo la Tabora, Novemba 1857, walikuta vipimo vyenye majina thabiti. Pembe za ndovu zilipimwa kwa frasila, ambayo ni ratili 35, karibu kilo 16. Nafaka ilipimwa kwa kibaba. Vibaba 2 ni kisaga, na visaga 2 ni pishi. Nguo ilipimwa kwa mkono. Mikono 4 ni shuka, na mikono 8 ni doti. Posho ya mpagazi ilikuwa kibaba cha nafaka kwa siku, na mzigo wake ulikaribia frasila 2.

Hapa kuna somo la kwanza. Watu wa misafara, wengi wao wasiojua kusoma, hawakuchanganya ujazo na uzito. Hakuna aliyepima pembe kwa kibaba wala aliyelipa posho kwa doti akadhani ni kitu kilekile. Walijua kwamba kibaba cha mtama na kibaba cha mpunga havina uzito mmoja, na kwamba kulinganisha vitu visivyofanana kunahitaji kipimo kilichotajwa wazi. Kanuni ya 250 kwa 450 ni mapatano ya namna hiyohiyo. Inasikitisha kwamba mfasiri wa leo, mwenye kamusi tano mezani, anashindwa kutenga alichokitenga mpagazi wa Kinyamwezi.

Somo la pili ni la tahadhari, nalo liko katika neno hongo. Katika njia ile hongo ilikuwa ushuru ambao mtemi aliwatoza wapitao katika nchi yake. Leo hongo ni rushwa. Mwanafunzi anayesoma habari za Mirambo wa Urambo, aliyeifunga njia ya Ujiji mwaka 1871, asipoelezwa mabadiliko hayo atamgeuza mtawala aliyedai haki ya njia kuwa mla rushwa. Neno lisilofungwa kwa maelezo huhama, na likihama huhama na heshima za watu. Kwa hiyo istilahi yoyote inayoingia katika kanuni sharti iambatane na maana yake ndani ya kanuni yenyewe.

Somo la tatu ndilo lililotupatia neno tunalolitafuta. Umbali katika njia ile ulihesabiwa kwa mwendo: mwendo wa siku moja, mwendo wa siku tatu. Msafara uling'oa kambi na kwenda kutua kambi nyingine. Huo ndio mwendo, wenye mwanzo na mwisho unaojulikana. Pistoni nayo ina kambi mbili, kikomo cha juu na kikomo cha chini, na kila inapotoka moja hadi nyingine imekwenda mwendo mmoja.

Kuipima istilahi

Istilahi njema haipimwi kwa uzuri wa sauti. Hupimwa kwa kutiwa katika kila nafasi ambayo dhana hujitokeza. Dhana yetu hujitokeza katika nafasi tatu: kama idadi, kama urefu, na kama jina la sehemu ya kazi.

Tuanze na idadi. Injini ya miendo miwili, injini ya miendo minne: hapana utata, kwa kuwa hatujasema imewaka mara ngapi, tumesema pistoni imekwenda mara ngapi.

Sasa urefu. Injini ya Honda CG125, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1976 na ambayo muundo wake ulifuatwa na pikipiki nyingi za Kichina zilizoenea nchini katika miaka ya 2000, ina silinda yenye kipenyo cha milimita 56.5 na mwendo wa milimita 49.5. Yamaha DT125 ina kipenyo cha milimita 56 na mwendo wa milimita 50. Msomaji ajaribu kuandika mpigo wa milimita 50, au hatua ya milimita 50, au, Mungu atuepushe, kiharusi cha milimita 50. Mwendo peke yake ndio unaokubali kupimwa kwa rula. Mfano huu una faida nyingine. Injini hizi mbili zina silinda zinazokaribiana kabisa kwa kipenyo, mwendo na ujazo, lakini CG125 ni ya miendo minne na DT125 ni ya miendo miwili. Hapo mwanafunzi huona kwamba urefu wa mwendo ni jambo moja, na idadi ya miendo katika duru ya kazi ni jambo jingine.

Nafasi ya tatu ni jina la sehemu. Katika injini ya miendo minne tutasema mwendo wa kuvuta, mwendo wa kugandamiza, mwendo wa nguvu na mwendo wa kutoa. Katika injini ya miendo miwili tutasema kwamba hatua nne zimebebwa na miendo miwili, na sentensi hiyo, ambayo kwa istilahi nyingine ingekuwa kitendawili, inakuwa maelezo kamili.

Pingamizi mbili

Pingamizi la kwanza ni kwamba mwendo hutumika kwa maana ya kasi: punguza mwendo, mabasi ya mwendokasi. Ni kweli. Lakini lugha ina neno kasi, nalo ndilo linalopaswa kushika nafasi hiyo katika maandishi ya kiufundi. Hata neno mwendokasi lenyewe ni ushahidi wetu: wananchi waliona mwendo peke yake hautoshi kutaja kasi, wakauongezea. Kuhusu hofu kwamba miendo minne itadhaniwa kuwa gia nne, matumizi yanatutoa wasiwasi, kwani tangu pikipiki zilipoingia gia imeitwa gia.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Mpigo umekwisha kuingia katika vitabu na vichwa vya walimu, na kung'oa neno lililoota mizizi ni kazi ngumu yenye gharama. Tunalikubali pingamizi hili kwa sehemu. Hatupendekezi mtu asahihishwe kijiweni. Tunachopendekeza ni kwamba maandishi yenye nguvu ya sheria au ya kufundishia yasitumie mpigo kwa dhana hii. Jambo hili lina uzito zaidi tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yalipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria za Tanzania. Zamani mwenye shaka angeweza kurejea nakala ya Kiingereza. Kadiri Kiswahili kinavyokuwa ndicho nakala yenyewe, kosa la mfasiri linakuwa ndiyo sheria.

Hasara yenyewe

Huenda msomaji akasema kwamba motokrosi ni mchezo wa wachache. Na tutoke basi uwanjani, turudi katika njia ya Urambo na Kaliua. Katika nyumba moja inaweza kuwamo pikipiki ya miendo minne na msumeno wa mnyororo wa miendo miwili. Petroli ya vyote viwili hununuliwa mahali pamoja, pengine katika chupa zinazofanana. Pikipiki inataka petroli tupu, na oili yake ina mahali pake chini ya injini. Msumeno unataka petroli iliyochanganywa na oili. Mtengenezaji akiagiza 1 kwa 50, maana yake ni mililita 20 za oili kwa kila lita ya petroli. Ukitiwa petroli tupu, pistoni hukosa utelezi, hushika silinda, na injini inanoki. Chombo cha riziki kimekufa kwa sababu maelezo hayakueleweka.

Mtu aliyefundishwa kwamba injini ya mipigo miwili ni ile yenye mwako mdogo hana njia ya kukisia kwa nini ndiyo inayohitaji oili ndani ya petroli. Aliyefundishwa kwamba kazi nne zimebanwa katika miendo miwili, na kwamba petroli inapita katika kasha la krenki ikielekea juu, anaweza kuifikia kanuni ya oili kwa akili yake, hata kama karatasi ya maelezo imepotea. Huo ndio mpaka kati ya istilahi inayotaja na istilahi inayofundisha.

Mapendekezo

Kwa sababu hizo tunapendekeza yafuatayo:

1. Safari moja ya pistoni kati ya vikomo viwili iitwe mwendo, wingi miendo. Na aina za injini ziitwe injini ya miendo miwili na injini ya miendo minne.

2. Neno hatua liwekwe kwa kazi nne za injini. Neno mzunguko kwa krenki kuzunguka mara moja. Na neno duru kwa mfululizo kamili wa kazi hizo nne. Mzunguko na duru visibadilishane nafasi.

3. Namba za 125, 250 na 450 ziitwe ujazo, kamwe zisiitwe uwezo wala nguvu.

4. Kila kanuni, mkataba au kitabu cha maelezo kieleze maana ya istilahi hizi katika kurasa zake za mwanzo, hata kama mwandishi anadhani zinajulikana.

Kwa kufuata mapendekezo hayo, ile sentensi ya mfano itasomeka hivi: “Pikipiki zenye injini ya miendo miwili ya ujazo usiozidi sentimita za ujazo 250 zitashindana katika daraja moja na pikipiki zenye injini ya miendo minne ya ujazo usiozidi sentimita za ujazo 450.” Ni ndefu kuliko ile ya kwanza, lakini mshindani anaweza kuipinga, mwamuzi anaweza kuitetea, na wote wawili watakuwa wanabishana juu ya jambo moja.

Tunawaomba walimu wa vyuo vya ufundi wayajaribu maneno haya mbele ya wanafunzi wao, injini ikiwa imefunguliwa mezani, kisha watuandikie yaliyokubali na yaliyokataa. Frasila na kibaba vilipata uthabiti wao mikononi mwa waliobeba na waliopima, na istilahi za injini nazo zipitie mikononi mwa mafundi kabla ya kutiwa muhuri wa usanifu.